Australia: Shule 49 za Kilutheri zilizofungwa kwa sababu ya lugha

Huko Highgate, mtaa wa mji wa Adelaide, kusini mwa Australia, shule ya Concordia College inapokea wavulana na wasichana pamoja. Hakuna internati: masomo yakiisha, kila mwanafunzi anarudi kulala kwao. Ni shule ya Kilutheri, na wenyewe wanaiita ya kujitegemea. Neno hilo linaweza kudanganya, maana wazazi wanalipa, lakini serkali nayo inatoa sehemu ya pesa.

Ilianzia Murtoa, katika jimbo jirani la Victoria, mwaka 1890, ikahamia Adelaide mwaka 1905. Concordia ni neno la Kilatini, maana yake mapatano. Miaka 12 baada ya kuhama, mapatano yalikuwa kitu adimu katika jimbo hilo.

Walutheri wa kwanza walifika South Australia mwaka 1838 pamoja na mchungaji August Kavel. Walikuwa wamekimbia Prussia, ambako mfalme Friedrich Wilhelm III aliwalazimisha kuungana na Wakalvini na kufuata ibada moja. Walijenga kijiji cha Klemzig, na darasa halikukawia. Popote walipopata mashamba, kanisa na shule vilisimama karibu karibu, na watoto walisoma kwa Kijerumani na kwa Kiingereza.

Vita vya 1914 vikageuza mambo. Australia ilipigana upande wa Uingereza, na Kijerumani kikawa lugha ya adui. Bunge la jimbo likapitisha sheria, na mwaka 1917 shule 49 za msingi za Kilutheri zikafungwa. Watu ambao babu zao walimkimbia mfalme wa Prussia sasa walihesabiwa kuwa watu wa mfalme wa Prussia, kwani Kaisari wa Ujerumani ndiye alikuwa na cheo hicho.

Majina 69 ya mahali yenye asili ya Kijerumani yalifutwa pia. Klemzig yenyewe ikaitwa Gaza, kwa kumbukumbu ya mapigano ya huko Palestina. Jina la zamani lilirudishwa mwaka 1935.

Shule nyingi, zenyewe, hazikurudi. Wazee wa Kongo wanaokumbuka mwisho wa mwaka 1974, Mobutu alipochukua shule za makanisa, wanakumbuka pia kwamba mkataba wa 1977 ulirudisha usimamizi kwa makanisa hayo. Walutheri wa South Australia hawakupata mkataba wa namna hiyo. Vita vilipokwisha, ilibidi waanze upya polepole, na vijiji vingi vilikuwa vimekwisha kuzoea shule ya serkali.

Leo Australia ina karibu shule 80 za Kilutheri. Katika baadhi yake Kijerumani kingali kinafundishwa, kama lugha ya kigeni, kwa watoto ambao nyumbani wanaongea Kiingereza.