Uyoga Wenye Vitundu

Mvua zinyeshapo katika misitu ya miombo ya Tabora, uyoga wa namna nyingi huota chini ya miti. Je, utautambuaje ule wenye vitundu?

Utazame kwanza chini ya kofia. Uyoga mwingi una vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Huu hauna, una vitundu vidogo vingi mfano wa sifongo. Kila kitundu ni mdomo wa mrija, na ndani ya mirija hiyo hutokea spora, zifanyazo kazi kama mbegu. Kofia ni nene na laini, na mguu pia ni mnene. Upo uyoga mwingine wenye vitundu, lakini huo ni mgumu kama ubao na huota kwenye magogo.

Ukikatwa kwa kisu, nyama ya baadhi yake hugeuka buluu mara moja. Watu wengine hudhani hiyo ni sumu. Sivyo; nyama imekutana na hewa tu. Uko uyoga ugeukao buluu ambao huliwa, na uko usiogeuka rangi ambao huua.

Kwa hiyo usiuonje kamwe, hata ukipikwa, kwa maana moto hauondoi sumu zote.

Jaribio: Weka kofia juu ya karatasi nyeupe, vitundu vikielekea chini, kisha uifunike kwa bakuli. Kesho yake tazama vumbi lililoanguka, ambalo mara nyingi ni la kahawia. Hizo ndizo spora. Nawa mikono kwa sabuni.