Jina Kubwa Si Dhamana

Wako watu wenye akiba kidogo ambao hudhani kwamba kununua hisa za kampuni kubwa yenye jina la zamani ni sawasawa na kuifungia fedha yao sandukuni. Twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu, kwa mfano wa kampuni mbili za Marekani, kwamba sivyo.

Ndani ya kila kompyuta mna kipande kidogo cha silikoni kiitwacho chipu, nacho ndicho kifanyacho hesabu zake. Kwa miaka mingi kazi ya chipu za kompyuta za mezani ilishindaniwa na Intel, iliyoanzishwa mwaka 1968, na AMD, iliyoanzishwa mwaka 1969. Intel ilikuwa mbele sana. Na katika mwaka 2015 hisa moja ya AMD iliuzwa chini ya dola 2, hata wengi wakaikatia tamaa.

Lakini mambo yaligeuka. AMD, chini ya uongozi wa Bibi Lisa Su tangu mwaka 2014, ilibuni chipu mpya na kuzitoa mwaka 2017. Yenyewe haikuwa tena na viwanda, na baadaye kazi ya kuzitengeneza ikapewa TSMC ya Taiwan, mafundi hodari kabisa. Intel ilitegemea viwanda vyake, navyo vikachelewa kwa miaka kuifikia hatua mpya ya ufundi. Mwaka 2022 thamani ya AMD sokoni ikaipita ya Intel. Mwezi wa Agosti 2024 Intel ilitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 15,000 na kusimamisha gawio. Kesho yake bei ya hisa zake ikaanguka kwa zaidi ya robo. Aliye juu, mngoje chini!

Hata hivyo, mtu asikimbilie mshindi wa leo. Bei ya mshindi imekwisha kuyahesabu mafanikio yatarajiwayo, nayo yasipotokea, mnunuzi ndiye apataye hasara. Tena Nvidia, iliyojulikana zamani kwa chipu za michezo ya kompyuta, imewapita wote wawili katika chipu za akili bandia.

Mwenye hisa ni mshirika: hushiriki faida, na hushiriki hasara. Kwa hiyo twawashauri wakuu wa nyumba kwamba karo ya watoto na fedha ya matibabu zisiingizwe humo kamwe. Aliye na ziada na aigawanye katika biashara mbalimbali, wala asiulize jina la kampuni tu, bali aulize ni nani aiandamaye nyuma.