Maumivu ya Misuli Yasiyoonekana kwenye Picha

Katika vijiji vya Kaagya, na kwa jumla katika Bukoba na Muleba, mwili hufanya kazi kubwa tangu alfajiri. Mama huinama kibanjani akipalilia chini ya migomba, hukata nyasi za rweya na kuzibeba kichwani, kisha hupanda mlima na ndoo ya maji, mtoto akiwa mgongoni. Wavuvi nao huvuta nyavu usiku kucha. Si ajabu, basi, kwamba malalamiko ya shingo, bega na kiuno husikika katika nyumba nyingi.

Linalowatesa wengi si maumivu peke yake, bali ni kutojulikana kwake. Mgonjwa hupigwa picha ya eksirei, mfupa ukaonekana mzima. Hupimwa damu, isionekane kasoro. Arudipo nyumbani, huyu humwona mvivu, na yule humwambia amelogwa. Hapo fedha ya kahawa huishia kwa wapiga ramli, jambo ambalo dini yetu imelikataza, na maumivu hubaki palepale.

Yapo maumivu yanayotokana na misuli yenyewe na utando mwembamba unaoifunika. Msuli uliotumikishwa mno, au uliokaa katika mkao mmoja kwa muda mrefu, hukaza mithili ya kamba, na ndani yake hutokea fundo dogo lenye uchungu. Fundo hilo likibonyezwa, maumivu huweza kusikika mbali na lilipo. La begani huumiza kichwa upande mmoja. La kwenye bapa la bega huteremsha maumivu mkononi. La kwenye tako hushuka mguuni, hata mtu akadhani ni mshipa wa fahamu. Ndiyo maana anayesugua dawa pale panapouma huenda asipate nafuu: chanzo kiko kwingine.

Daktari Janet Travell wa Marekani, aliyemtibu mgongo John F. Kennedy na kuwa daktari wake alipokuwa Rais mwaka 1961, alitumia miaka mingi kuchora ramani za maumivu haya. Mwaka 1983, yeye na mwenzake David Simons walitoa kitabu kikubwa juu ya jambo hili. Wataalamu wangali wakijadiliana kuhusu asili ya mafundo hayo, lakini mpaka leo hutambuliwa hasa kwa mkono: tabibu husikiliza maelezo ya mgonjwa na kazi azifanyazo, kisha hupapasa msuli mpaka alifikie fundo, na mgonjwa akiri kuwa hayo ndiyo maumivu yake.

Kwa kuwa uchunguzi huu ni wa kugusa, mwanamke anaweza kuomba tabibu wa kike. Asipopatikana, wanazuoni wameruhusu atibiwe na mwanamume kwa kadiri ya dharura, akiwapo maharimu wake, na kufunua panapohitajika tu. Kuona haya kusiwe sababu ya kubaki na maradhi.

Hata hivyo, si kila maumivu ni ya misuli. Homa, kukonda, maumivu yanayozidi usiku, ganzi au udhaifu wa miguu, na kushindwa kuzuia mkojo ni dalili za kumfikisha mgonjwa hospitali bila kukawia. Huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo au maradhi mengine mazito. Maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi nayo yasingojewe.

Tiba ya mafundo haya haina gharama kubwa. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu huwekwa juu ya msuli kwa dakika 15 hadi 20. Fundo hubonyezwa taratibu kwa nusu dakika hivi. Kisha msuli hunyooshwa polepole, bila kushtua, kila siku. Likikaidi, mtaalamu wa fiziotherapia huweza kulichoma kwa sindano nyembamba, au daktari akadunga dawa ya ganzi. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki visimezwe siku nyingi bila ushauri, kwani huweza kudhuru tumbo na figo. Anayependa hijama, ambayo ni sunna, ahakikishe wembe ni mpya na haujatumiwa kwa mwingine, na asiache kuchunguzwa.

Mgonjwa asijitese pia katika ibada. Imran bin Huswain (r.a.) alipougua, Mtume (s.a.w.) alimruhusu kusali ameketi pale asipoweza kusimama, na kwa ubavu asipoweza kuketi.

Lakini fundo lililolegezwa leo hurudi kesho ikiwa mzigo ni uleule. Hapa ndipo familia inapoingia. Baba abebe mkungu, vijana wateke maji, jembe liwe na mpini mrefu, na mzigo mmoja ugawanywe mara mbili. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiwasaidia wakeze kazi za nyumbani, na alitufunza kuwa mwili una haki juu yetu. Mama akisema bega linamuuma, asadikiwe kwanza, hata kama picha haionyeshi kitu.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.