Kisukari, Figo na Urithi wa Damu

Kisukari kinapokaa mwilini kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu, na figo ni miongoni mwa viungo vinavyoumia kwanza, lakini haziumii kwa kila mgonjwa. Takribani theluthi moja ya wenye kisukari hupata ugonjwa wa figo, ilhali wengine huishi na sukari ya juu kwa zaidi ya miaka 20 figo zao zikiwa salama, na tofauti hiyo haielezwi na chakula, dawa au presha peke yake. Mwaka 1989 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walichunguza ndugu waliokuwa na kisukari wote, wakakuta kwamba pale ambapo mmoja alikuwa na ugonjwa wa figo, asilimia 83 ya ndugu zake walikuwa na dalili zake pia, ilhali pale ambapo figo za huyo mmoja zilikuwa nzima, ni asilimia 17 tu ya ndugu waliokuwa nazo. Ni kweli kwamba ndugu hupakua chungu kimoja na kunywa maji ya kisima kimoja, lakini pengo kubwa kiasi hicho liliwafanya wataalamu wageukie vinasaba, yaani maagizo ambayo mtoto huyapokea kutoka kwa baba na mama, na ambayo huelekeza seli jinsi ya kutengeneza protini za mwili.

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na katika kila kichujio mna utando mwembamba unaopitisha maji na taka huku ukizuia protini isitoke kwenye damu. Mwaka 2019 matokeo ya uchunguzi wa karibu watu 20,000 wenye kisukari cha aina ya kwanza, wote wa asili ya Ulaya, yalionyesha kwamba badiliko moja katika kinasaba kiitwacho COL4A3, ambacho husaidia kujenga utando huo, huwapa kinga fulani wale walio nalo. Jambo hilo lina uzito, kwa kuwa linaonyesha kwamba ubora wa chujio lenyewe, na si wingi wa sukari tu, huamua hatima ya figo.

Kwa Waafrika, hata hivyo, habari kubwa zaidi ni ya kinasaba APOL1. Mwaka 2008 watafiti walidhani wamekipata kisababishi cha ugonjwa wa figo katika kinasaba MYH9, lakini mwaka 2010 ilibainika kwamba mhusika ni APOL1, jirani yake katika kromosomu ya 22. APOL1 hutengeneza protini inayoua vimelea vya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na maumbo yake mawili, G1 na G2, yanadhaniwa kuenea Afrika Magharibi kwa sababu yaliwakinga watu dhidi ya vimelea ambavyo umbo la kawaida halikuviweza. Gharama ya kinga hiyo ililipwa na figo. Mwaka 2013 ilithibitishwa kwamba Wamarekani weusi wenye ugonjwa wa figo waliorithi maumbo hayo kutoka kwa wazazi wote wawili hudhoofika figo haraka zaidi, wawe na kisukari au wasiwe nacho. Kwa hiyo APOL1 haionekani kuwa chanzo cha madhara ya kisukari kwenye figo, bali huharakisha uharibifu ambao umekwisha kuanza. Mwaka 2024 utafiti uliofanywa Ghana na Nigeria uliongeza kwamba hata aliyerithi nakala moja tu ya maumbo hayo hana usalama kamili.

Je, matokeo hayo yanamhusu mkazi wa Kanyangi, upande wa Kitui unaoelekea mto Athi na Makueni? Hayawezi kuhamishwa hivi hivi, kwa maana maumbo ya G1 na G2 hupungua kadiri mtu anavyotoka Afrika Magharibi kuja Mashariki, na Ethiopia karibu hayapo kabisa. Katika hazina mashuhuri za vinasaba duniani, Kenya iliwakilishwa na Waluhya wa Webuye na Wamasai wa Kinyawa, uwakilishi ambao ni mdogo mno kwa nchi yenye makabila zaidi ya 40. Mpango wa utafiti wa vinasaba barani Afrika, H3Africa, uliotangazwa mwaka 2010, ulianza kuziba pengo hilo, na mmoja wa miradi yake, AWI-Gen, ulipima afya na vinasaba vya watu wazima wa mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi. Nchini Uganda, utafiti wa wakazi wa Kyamulibwa uliochapishwa mwaka 2019 ulibaini kwamba upungufu fulani katika vinasaba vya damu, uliozoeleka katika maeneo ya malaria, hubadilisha usomaji wa kipimo cha sukari ya miezi 3. Ikiwa kipimo chenyewe chaweza kupotosha, basi kutafuta vinasaba vya figo kwa kuiga hesabu za Ulaya ni kujenga juu ya mchanga.

Wakati majibu yanasubiriwa, Ukambani, ambako Kanyangi ipo, kuna elimu ya ukoo ambayo haijatumiwa vya kutosha kliniki. Mbai, yaani ukoo, ni pana mno kwa kusudi hili. Kinachofaa ni musyi, nyumba ya wazazi, ndugu, mashangazi na wajomba, ambamo wazee hukumbuka nani alivimba miguu, nani alisafishwa damu kwa mashine na nani alikufa akiwa na presha. Kumbukumbu hiyo si hukumu, kwa kuwa aliyerithi hatari bado hulindwa kwa kushusha sukari na presha mapema, na ugonjwa wa figo hauumi mwanzoni. Dalili yake ya kwanza ni protini kidogo katika mkojo, isiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo kila mwenye kisukari, hasa ambaye mzazi au ndugu yake ameugua figo, na amweleze muuguzi habari hiyo bila kuificha, na aombe kupimwa protini katika mkojo kila mwaka, hata anapojiona mzima.