Dawa Zikiisha Dirishani

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka kila mkazi awe na bima. Vema. Lakini mkata mkonge wa Hale, kule Korogwe, atauliza jambo moja: dawa zikiisha dirishani, nani atalipa dukani?

Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ulianzia Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu 6 mikoani ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Dawa zilikuwamo, alimradi zimo stoo ya kituo. Stoo ikikauka, mwanachama aliingia mfukoni mwake, na kusema kweli mtu akishalipa mara mbili haoni sababu ya kuhuisha kadi.

Mwenye kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza mwaka 2001, aliwekewa mlango wa pili: fomu 2C. Kituo kikikosa dawa humjazia, naye huichukua dawa kwenye duka lenye mkataba na Mfuko. Fomu yenyewe haijitangazi, shurti uiulize.

Dawa za kifua kikuu, ukoma na za kufubaza virusi vya UKIMWI hazingoji kadi. Ni bure. Ukitozwa, dai risiti.