Usiking'oe Kisiki Kilicho Hai

Kesho asubuhi toka nyumbani kwako. Nenda mpaka mwisho wa shamba lako. Tazama chini. Utaona kisiki cha mti uliokatwa zamani. Pembeni yake vimeota vijiti vitatu au vinne vyenye majani mabichi. Pengine umevikata kwa jembe mara nyingi. Mwaka uliofuata vikarudi tena. Umechoka navyo.

Leo nakuomba usivikate. Soma makala hii mpaka mwisho, utajua kwa nini.

Kuni zimekwenda wapi?

Waulize wazee wa Nyarugusu na Makere. Watakuambia kwamba zamani mama alipata kuni karibu na nyumba yake. Siku hizi anakwenda mbali, naye anarudi na mzigo mzito kichwani.

Sababu ni nyingi. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu, tukawapokea wenzetu waliokimbia vita huko Kongo. Mwaka 2015 wakaja Warundi wengi. Watu zaidi ya 100,000 walihitaji moto wa kupikia kila siku.

Lakini tusiwatwike wageni mzigo wote. Sisi wenyewe tumefyeka misitu ili tulime mahindi, maharage na muhogo. Tumechoma mkaa. Tumechoma matofali. Tumekausha tumbaku kwa kuni. Kila kiangazi moto umepita porini, na mara nyingi aliyeuwasha ni mmoja wetu.

Mimi pia nina deni. Nilipoanza kazi ya ubwana shamba niliwaambia wakulima: "Safisheni shamba. Ng'oeni visiki vyote." Walinisikiliza. Walichimba mizizi kwa sururu, wakaikausha, wakaichoma. Shamba lilipendeza kwa macho. Lakini mvua kubwa zilipokuja, udongo wa juu ulichukuliwa na maji, kwa sababu mizizi iliyoushika haikuwapo tena. Na nyumba zile zikaanza kutafuta kuni kwa jirani. Sikuwaambia vizuri. Ndiyo maana leo naandika.

Chuo kikuu chenye msitu

Mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kilianzishwa mwaka 1984. Kilipewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu wetu, aliyefariki katika ajali ya gari mwaka huo huo. Kutoka Kigoma mpaka Morogoro kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,000. Utasema: "Chuo hicho kiko mbali. Kinanihusu nini mimi?"

Kinakuhusu. Wanafunzi wa chuo hicho hawasomi vitabu tu. Chuo kina msitu wake wa mafunzo mahali panapoitwa Kitulangalo, kando ya barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Dar es Salaam. Msitu ule ni wa miombo, kama misitu yetu ya Kasulu na Kibondo. Watu wa huko nao wamekata miti kwa ajili ya mkaa na nguzo, kama sisi.

Wataalamu waliingia katika msitu wa Kitulangalo na katika ardhi ya vijiji jirani. Wakavitazama visiki. Wakaandika kipi kimekufa na kipi kimechipua. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2004. Waliona kwamba miti ya aina nyingi iliyokatwa haikufa. Ilichipua tena kutoka kwenye kisiki.

Basi tulilokuwa tukiliita takataka, wenzetu waliliona kuwa ni msitu unaongoja.

Ghala lililo chini ya ardhi

Kwa nini kisiki huchipua? Ukikata mti, unaondoa shina. Mizizi inabaki. Mizizi ni kama ghala. Mti umeweka chakula chake humo. Tena mizizi ya mti mkubwa imekwenda chini sana, inafika kwenye unyevu hata wakati wa kiangazi.

Sasa fikiri juu ya mche uliotoka kwenye kitalu. Mizizi yake ni mifupi, inaenea katika mfuko mdogo. Ukiupanda, lazima uumwagilie. Jua likiwa kali, unakufa. Chipukizi la kisiki halihitaji ndoo ya maji. Katika miaka ya kwanza linaupita mche kwa urefu.

Sisemi kwamba tuache kupanda miti. Mahali ambapo hakuna visiki, tupande. Lakini mahali ambapo visiki vipo, tusitupe mali iliyo mkononi.

Mti na hali ya hewa

Umesikia redioni juu ya mabadiliko ya tabianchi. Maana yake ni kwamba dunia inazidi kupata joto, na mvua zinabadilika. Sababu kubwa ni hewa ukaa inayotoka katika moshi wa viwanda, magari na misitu inayochomwa. Hewa hiyo hukaa angani na kuzuia joto lisitoke, kama blanketi.

Mti huvuta hewa ukaa kwa majani yake, ukaijenga kuwa shina, matawi na mizizi. Karibu nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni, yaani ule ukaa wenyewe. Mzigo wa kuni kavu wa kilo 20 una karibu kilo 10 za kaboni. Ukichoma mzigo ule, ukaa unarudi angani. Ukiuacha mti usimame, ukaa unabaki ndani yake.

Wataalamu wa misitu hupima jambo hili. Huzungusha utepe kwenye shina, mita 1 na sentimeta 30 kutoka ardhini, yaani usawa wa kifua. Huandika unene wa mti. Mwaka mwingine huupima tena. Wewe unaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa kamba na daftari, maana sasa unajua kusoma na kuandika.

Fanya hivi

Katika mkoa wa Dodoma, tangu mwaka 2018, wakulima wengi wamefundishwa njia hii. Wao wanaiita Kisiki Hai. Kabla yao, wakulima wa nchi ya Niger, ambayo ni nchi kavu kuliko yetu, walianza katika miaka ya 1980. Huko miti imerudi katika mashamba ya zaidi ya hekta milioni 5. Kazi yenyewe ni rahisi. Haihitaji fedha.

1. Chunguza. Kwangua gome la kisiki kwa kisu. Ukiona ubichi ndani, kisiki kiko hai.

2. Chagua. Acha machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu. Mengine yaondoe kwa kisu kikali. Usiyararue kwa mkono.

3. Pogoa. Katika machipukizi uliyoyaacha, kata matawi ya chini mpaka kufika nusu ya urefu. Mti utakwenda juu, na mazao yako yatapata jua. Vijiti ulivyokata ni kuni za leo.

4. Weka alama. Funga kitambaa chenye rangi, ili mwenye jembe na mchungaji wajue kwamba mti huu una mwenyewe.

5. Linda. Mbuzi anapenda majani mororo. Mfunge, au mchunge mbali na shamba.

6. Andika. Vipe visiki namba. Andika tarehe na urefu wa kila mti. Rudia kila mwaka.

Anza na visiki 10 katika ekari moja. Viache mbalimbali, ili kivuli kisiyazidi mahindi.

Adui ni moto

Chipukizi linaweza kuvumilia jua. Haliwezi kuvumilia moto wa kila mwaka. Tazama mninga. Mche wake ukiungua, shina dogo hufa, lakini mzizi hubaki. Mwaka unaofuata huchipua tena. Ukiungua tena, huanza tena. Mninga unaweza kuhangaika hivyo miaka mingi bila kukupita goti. Halafu tunasema, "Mninga haukui." Unakua, ila sisi tunaurudisha mwanzo kila mwaka.

Kwa hiyo safisha njia pana kuzunguka shamba lako mapema, mara tu baada ya mvua kwisha. Usichome pori mwezi wa Agosti au Septemba, wakati majani ni makavu na upepo ni mkali. Moto wa wakati huo hauna breki.

Kijiji na serikali

Mtu mmoja akitunza visiki, na jirani akachoma pori, kazi ni bure. Lipelekeni jambo hili katika mkutano mkuu wa kijiji. Wekeni sheria ndogo juu ya moto na mifugo. Iandikwe, isomwe mbele ya wote.

Serikali nayo imeanza na jikoni. Mwaka 2023 ilitoa agizo kwamba vyuo, shule na taasisi nyingine zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kupika kwa kuni na mkaa. Mwaka 2024 ulizinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia Watanzania 80 katika kila 100 ifikapo mwaka 2034. Wewe ambaye bado unapika kwa kuni, jenga jiko la udongo linalofunika moto. Linatumia kuni chache kuliko mafiga matatu.

Neno moja la tahadhari. Majirani zetu wa wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji 8, wamepata fedha kwa kutunza msitu wa milima ya Ntakata, kwa sababu msitu huo unashika hewa ukaa. Ni jambo jema. Lakini mtu akija kijijini kwenu na karatasi ya namna hiyo, msitie sahihi haraka. Someni kila mstari. Waulizeni maofisa wa halmashauri. Kisomo ulichokipata ni cha kukulinda siku kama hiyo.

Ndugu msomaji, mwaka 1980 kampeni ya redio ilituambia kwamba misitu ni mali. Mali hiyo haijaisha yote. Nyingine iko chini ya miguu yako, inakusubiri uweke jembe chini. Nenda ukaitazame.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu

1. Je, shambani kwako kuna visiki vingapi vilivyo hai?
2. Kwa nini chipukizi la kisiki hukua haraka kuliko mche wa kitalu?
3. Nani huwasha moto porini kwenu, na kwa sababu gani?
4. Kijiji chenu kina sheria gani juu ya moto? Je, inafuatwa?