Vanishi na Jua: Namna ya Kuzihifadhi Sanamu Ndogo za Rangi

Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alipotoa kitabu chake kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kupiganisha askari wadogo sakafuni, hakuzua shauku mpya bali aliitia taratibu shauku iliyokuwako tangu zamani, kwani mafundi wa Nuremberg, Ujerumani, walikuwa wakisubu askari bapa wa bati tangu karne ya 18, na kampuni ya William Britain ya London ilikuwa imeanza mwaka 1893 kuuza askari wa risasi wenye uwazi ndani, ambao kwa wepesi wao na unafuu wa bei yao waliingia katika nyumba nyingi. Leo sanamu hizo aghalabu ni za plastiki au resini, nyingi zikitoka kwa kampuni ya Games Workshop yenye makao yake Nottingham, na mtu mzima mwenye kazi yake na watoto wake haoni haya kukesha na sanamu ya kimo cha sentimita tatu, akiichorea mboni za macho kwa brashi ya nywele chache. Ikishakamilika huiweka kwenye rafu iliyoelekea dirisha, wageni wapate kuiona. Na dirisha hilo ndilo linaloileta balaa.

Namna nuru inavyoila rangi ilichunguzwa kwa makini huko Uingereza katika karne ya 19, baada ya kuzuka mjadala juu ya kupauka kwa picha za rangi za maji. Dk. W. J. Russell na Kapteni W. de W. Abney walipaka vipande vya karatasi rangi mbalimbali, wakavitia katika mirija ya kioo, nusu wakiifunika na nusu wakiiacha wazi, kisha wakaviweka juani. Na ripoti yao ya mwaka 1888 ikadhihirisha mambo mawili ambayo hata sasa ndiyo msingi wa maarifa haya. La kwanza ni kwamba nuru haifanyi uharibifu peke yake, kwani rangi nyingi zilizopauka mbele ya hewa na unyevu zilistahimili zilipowekwa katika mirija iliyotolewa hewa. Na la pili ni kwamba ndani ya nuru yenyewe, upande wa buluu na urujuani ndio wenye athari kubwa, ilhali upande wa nyekundu na manjano athari yake ni haba. Ng'ambo ya urujuani ndiko iliko miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, ambayo nguvu yake ni zaidi.

Walakini rangi hazilingani katika kustahimili. Zile zitokanazo na kutu ya chuma, yaani hudhurungi na nyekundu za udongo, nyeusi ya makaa, nyeupe ya titani, na buluu na kijani za fthalosiani, zaweza kukaa juani muda mrefu pasipo kubadilika sana; bali waridi nyingi, baadhi ya zambarau na nyekundu za bei rahisi, na hasa zile rangi kali zinazowaka kama fulana ya askari wa barabarani, hupauka upesi mno. Van Gogh alizipaka urujuani kuta za chumba chake cha kulala katika picha ya mwaka 1888, na leo watazamaji huziona buluu, kwa kuwa nyekundu iliyokuwa imechanganywa humo imekwisha toweka. Viwanda hupima ustahimilivu huu kwa vipande 8 vya sufu ya buluu, kila kimoja kikichukua takriban muda maradufu wa kilichokitangulia hadi kipauke. Lakini vichupa vya rangi za sanamu aghalabu huandikwa majina ya majoka na majeshi, na mnunuzi asiambiwe ndani mna chembe gani. Mimi nahesabu jambo hilo kuwa ni kasoro kubwa kuliko upungufu wowote wa vanishi, maana hakuna utando uwezao kuiokoa rangi iliyoumbwa kwa kupauka.

Na hapa pana neno ambalo makopo ya vanishi hayalitangazi. Vanishi ya kukinga jua hutiwa dawa inayoimeza miale ya urujuanimno na kuigeuza joto dogo lisilodhuru, na pengine hutiwa dawa ya pili, isiyoimeza miale bali inayozikamata chembechembe kali zinazozaliwa utando unapoanza kuoza kwa nuru. Yote hayo ni mema. Lakini vanishi hiyo, ili tuione rangi iliyo chini yake, haina budi kuipitisha nuru ionekanayo, nayo nuru hiyo, hususan sehemu yake ya buluu, ni miongoni mwa maadui waliowataja Russell na Abney. Basi kinga iliyo angavu ni nusu ya kinga, na anayenunua kopo akidhani amenunua ruhusa ya kuacha sanamu zake juani amejidanganya. Makumbusho hayapendi picha za rangi za maji zipate nuru ipitayo luksi 50, na jua la mchana laweza kufika luksi 100,000. Kwa hesabu ya jumla saa moja juani ni sawa na siku 250 za makumbusho yafunguayo milango saa 8 kwa siku. Kioo cha dirisha nacho huzuia sehemu kali kabisa ya urujuanimno, kikaachilia iliyobaki ipite.

Madhali tumejua mpaka wa uwezo wa vanishi, uchaguzi unakuwa mwepesi. Vanishi za maji za akriliki zinazouzwa pamoja na rangi za sanamu ni safi, hazigeuki manjano upesi, na huilinda rangi na mafuta ya vidole. Ila nyingi hazina dawa ya urujuanimno, na akriliki yenyewe huipitisha sehemu kubwa ya miale hiyo. Vanishi ya samani, iliyo tele katika maduka ya vifaa vya ujenzi, haifai kabisa, kwa sababu ile iliyoundwa kwa mafuta hugeuka rangi ya asali, na nyeupe ya joho la askari ikawa kama imefukizwa moshi. Na poliyurethani nyingi za mbao zina ila iyo hiyo. Ile angavu ya magari hulishinda jua kweli kweli, kwani ndiyo kazi iliyoumbiwa, lakini ile ichanganywayo na dawa ya kugandisha ina isosianeti zinazodhuru mapafu, na si kitu cha kupuliziwa chumbani. Inayobaki, na ndiyo niipendayo kwa sanamu za kukaa kwenye mwanga, ni vanishi ya wachoraji ya akriliki iyeyukayo kwa thina ya mafuta, iliyotiwa dawa ya urujuanimno. Kampuni ya Golden, iliyoasisiwa na Sam Golden mwaka 1980 huko New Berlin katika jimbo la New York, huitengeneza na kuiandika herufi UVLS. Fadhila yake ya pili ni kwamba yaondoleka: dawa ile huchakaa kwa kufanya kazi, na siku ya kuibadili ikifika yaweza kupanguswa kwa thina, mradi chini yake kuna mkono mmoja wa vanishi ya maji ya kung'aa, uliokauka barabara, wa kuitenga na rangi.

Kinga hii hutokana na unene. Tukijaalia kwamba mkono mmoja unazuia nusu ya miale, wa pili utazuia nusu ya iliyosalia, na kadhalika. Kwa hiyo mkono mmoja mwembamba wa kopo la kupuliza ni kinga ya jina tu. Lakini sanamu si ubao: vanishi nene hujaa katika mikunjo ya nguo na kuufuta uso, na papo hapo huikimbia ncha ya upanga na ukingo wa ngao, mahali panapogongwa zaidi. Dawa ni mikono mingi myembamba, kila mmoja ukikauka kabla ya unaofuata. Tena vanishi isiyong'aa hupata ubutu wake kwa unga wa silika, na unga huo ukirundikana huleta ukungu mweupe juu ya rangi nyeusi. Basi ijengwe kinga kwa ile ya kung'aa, na ya mwisho tu iwe butu, baada ya kopo kutikiswa sana. Aishiye pwani asipulize siku ya masika yenye hewa nzito, kwani unyevu hunaswa katika utando na kuutia weupe ule ule. Angoje asubuhi kavu, apulize nje, kwa umbali wa sentimita 25 hivi.

Mwenye shaka na kopo lake na alipime kwa kadi: apake mistari ya rangi anazozitumia, apake vanishi nusu ya kila mstari, afunike robo ya kadi kwa karatasi ya alumini, kisha aibandike dirishani hadi msimu ugeuke. Akiifunua ataona ni rangi zipi zilizosimama zenyewe, zipi zilizosaidiwa na vanishi, na zipi zilizokufa kotekote, ambazo azimwage au azitumie kwa sanamu za kabatini. Na chini ya kila kitako cha sanamu aandike jina la vanishi na mwaka wa kupakwa, ili atakayekuja kuisafisha ajue ni thina gani ya kuanzia.